Nisalimie Wote: Barua za Askari wa Keya na Rafiki Zao wa Kijijini, 1939–1945

1. Utangulizi



Historia ya nathari ya Kiswahili katika karne ya 20 kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata vitabu na magazeti. Huanzia kwenye matini za misheni na za serikali, hupitia Mambo Leo, gazeti lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, hufika kwenye Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, kisha hutua kwa Shaaban Robert. Usimulizi huo si wa uongo, ila una pengo. Kati ya mwaka 1939 na 1945 watu wengi ambao hawakupata kuchapisha kitabu wala makala waliandika Kiswahili kwa mkono wao wenyewe, au kwa mkono wa mwenzao, wakakitia katika bahasha. Mhadhara huu unahusu maandishi hayo, na hasa barua zilizopita baina ya askari aliyekuwa vitani na rafiki yake aliyebaki kijijini.

Hoja yangu ni moja. Barua ya askari kwa rafiki yake haikuwa siri ya watu wawili. Tangu inapoandikwa, mwandishi alijua kwamba ingepita mbele ya mkaguzi wa jeshi, kisha mbele ya rafiki, kisha mbele ya kijiji kizima kilichokusanyika kusikiliza. Tukizisoma barua hizo kama maungamo ya faragha tutazielewa vibaya. Tena tutazipuuza salamu zilizojaa ndani yake, ilhali salamu hizo ndizo habari yenyewe.

2. Waandishi na safari zao

Waafrika zaidi ya laki tatu kutoka Afrika Mashariki na Nyasaland (Malawi ya leo) waliandikishwa katika majeshi ya Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kutoka Tanganyika peke yake walitoka watu wapatao 87,000, na kutoka Kenya wapatao 98,000. Wengine walikuwa wapiganaji wa Keya, kama wenyeji walivyoliita jeshi la King's African Rifles. Wengine walikuwa madereva, wapishi, mafundi, wauguzi, wapiga mizinga na wachukuzi. Walipigana na Waitalia Somalia na Uhabeshi, hata Gondar ilipotekwa mwezi Novemba 1941. Walipelekwa Madagaska mwaka 1942. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ikijitayarisha. Mwaka uliofuata iliingia Burma, ikashuka bonde la Kabaw katika masika ya huko, na mwezi Desemba 1944 ikafika Kalewa na kuuvuka mto Chindwin.

Yafaa tukumbuke kwamba kwa wengi wao hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kuwa mbali na nyumbani kiasi cha kuhitaji barua. Mtu aliyekwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga aliweza kutuma salamu kwa kinywa cha mwenzake anayerejea. Kutoka Burma hapakuwa na msafiri wa kumtuma. Ilibidi iandikwe barua.

Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha kuu ya Keya, ijapokuwa vikosi vya Nyasaland vilikuwa pia na Kinyanja chao. Kiswahili cha amri, kile kilichojulikana kama Kikeya, kilikuwa chepesi na kilichopunguzwa upatanisho wa kisarufi. Hata hivyo, jeshi hilohilo lilianzisha elimu kwa askari wake, na walimu wa jeshi wakafundisha kusoma na kuandika Kiswahili sanifu. Askari walisomewa na kujisomea magazeti, likiwamo Heshima, lililotolewa na jeshi lenyewe, na Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939. Askari mmoja basi alikuwa na Kiswahili cha gwaride, Kiswahili cha darasani, na lugha ya mama yake. Alipokaa kuandika barua alikuta tayari kuna Kiswahili cha nne kinachomngoja.

3. Mfumo wa barua

Hicho ni Kiswahili cha barua. Pwani, watu walikuwa wakiandikiana kwa hati za Kiarabu tangu karne nyingi, na kanuni zao zilikuwa zimekwisha kukomaa. Carl Gotthilf Büttner alichapisha mkusanyiko wa nyaraka za namna hiyo mwaka 1892. Barua huanza kwa kumtaja mpelekewa pamoja na sifa zake, hufuata salamu ndefu, huja neno "wabaadu" au "ama baada ya salamu" la kufungulia habari, hufuata habari, kisha salamu tena, safari hii za watu wengi, mwisho jina la mwandishi.

Kanuni hizo zilipanda bara pamoja na makarani, wafanyabiashara na walimu. Zilipofika shule za misheni zilibadili hati, zikawa za Kirumi, lakini hazikuacha mpango wake. Mtu aliyejifunza kusoma Moshi au Tabora alijua kwamba barua haianzi kwa habari. Huanza kwa kusema kuwa mwandishi ni mzima, na kuuliza kama mpelekewa naye ni mzima. Ndani ya mfumo huo wa kale yakaingia maneno ya jeshi: kambi, ruhusa, mzinga, afande. Neno hili la mwisho lenyewe lina asili ya Kituruki, na lilikuwa limepita Misri na Sudan kabla ya kufika kwetu.

4. Kwa nini rafiki?

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini askari amwandikie rafiki, wala si mama yake au mkewe? Jibu la kwanza ni jepesi. Mara nyingi mama na mke hawakujua kusoma. Aliyejua ni rafiki aliyekwenda naye darasa moja, ambaye sasa alikuwa mwalimu, karani wa jumbe, au muuza duka. Rafiki huyo alipokea barua kwa niaba ya nyumba nzima, akaisoma kwa sauti, na kwa mkono wake akaandika majibu.

Jibu la pili ni zito zaidi. Askari aliweza kukata sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa jamaa zake katika ofisi ya wilaya. Je, fedha zimefika? Zimepokelewa na nani? Ng'ombe wangapi wamekufa? Mpaka wa shamba umesogezwa? Mke yuko nyumbani? Maswali haya hayaulizwi kwa mtu ambaye yumo ndani ya jambo lenyewe. Baba hawezi kuulizwa kama amezitumia fedha. Mke hawezi kuulizwa kama amekaa. Anayeulizwa ni rafiki, kwa sababu hana sehemu katika urithi, lakini anaona kila kitu.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa kiuandishi. Rafiki atakayejibu swali ndiye atakayeisoma barua kwa sauti mbele ya haohao wanaoulizwa. Nitoe mfano niliouunda mwenyewe kwa ajili ya kufafanua. Tuseme askari anaandika: "Nijulishe kama lile shamba tulilolilima pamoja bado lina mlinzi." Mkaguzi anaona habari za kilimo. Wazee wanaosikiliza wanaona kijana asiyesahau jembe. Rafiki, ambaye anajua kwamba hawakuwahi kulima shamba lolote pamoja, anafahamu kwamba anaulizwa habari za nyumba. Sentensi ni moja, na kila msikilizaji ameondoka na yake. Kiswahili hakikulazimika kubuni chombo kipya kwa kazi hii. Fumbo, methali na uneni wa kuzunguka vilikuwapo siku zote katika mashairi na katika mazungumzo ya wazee. Vita vilivitia katika nathari ya watu wa kawaida.

5. Mkaguzi

Barua za askari zilisomwa na maofisa kabla ya kuondoka kikosini, na nyingine zikafunguliwa tena na wakaguzi. Ilikatazwa kutaja mahali, majina ya meli, na idadi ya watu. Kwa hiyo askari aliyekuwa Ceylon aliandika kama mtu asiye mahali popote.

Barua zilizotoka kijijini nazo zilikuwa na uzito wake. Mwaka 1942 Wajapani waliziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia ya leo, na mkonge wa Tanganyika ukawa na thamani kubwa kwa Waingereza; watu wakaandikishwa kwa lazima kwenda mashambani. Mwaka 1943 njaa kali ilishika sehemu za Kenya. Rafiki aliyeandika kwamba watu wanakula mihogo tu alikuwa akiandika habari ya kijeshi bila ya kukusudia, kwa maana askari anayejua kwamba nyumbani kuna njaa hapigani kama yule asiyejua.

Wakaguzi waliandika taarifa juu ya waliyoyasoma, na baadhi ya taarifa hizo zimehifadhiwa katika nyaraka za Nairobi na London. Wanahistoria wa vita hivi wamezitumia sana, na wamefanya vyema. Lakini sisi wanafunzi wa lugha tuna jambo la kuongeza. Kinachosomeka katika taarifa hizo kwa kawaida ni vipande vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza. Mkaguzi alikuwa akitafuta manung'uniko, uvumi, na dalili za utovu wa utii. Alipovipata alivikata na kuvitafsiri, salamu hazikumhusu. Matokeo yake ni kwamba askari wa nyaraka ni mtu anayelalamika tu: mshahara, chakula, ubaguzi, mke. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli na ya haki. Ila mtu yule aliyeyaandika alikuwa amekwisha kujaza nusu ya karatasi kwa majina ya watu wa kwao, na nusu hiyo hatunayo.

6. Salamu ndizo habari

Tuitazame basi hiyo nusu iliyokatwa. Mwandishi anasema: nisalimie fulani, na fulani, na mama fulani, na wote wanaoniuliza. Msomaji wa leo huona upotevu wa wino. Lakini barua ile ilisomwa kwa sauti, na kila aliyetajwa alikuwapo, au jirani yake alikuwapo. Kutajwa kulikuwa ni kuhesabiwa. Asiyetajwa alijua kwamba amesahauliwa, au amekasirikiwa. Na askari kwa kutaja majina alikuwa akisema: mimi bado ni mtu wa hapo, najua nani yu hai, nina haki ya kurudi.

Majibu yalifanya kazi hiyohiyo kwa upande wa pili. Rafiki alipoandika "fulani anakusalimu", alithibitisha kwamba fulani yu hai. Jina lililozoea kuwamo likikosekana mara mbili, askari alielewa. Vivyo hivyo kijijini, pale ambapo vijana wawili walikuwa katika kikosi kimoja na barua ya mmoja ikaacha kumtaja mwenziwe.

Mfano mzito wa ukimya ni ule wa meli Khedive Ismail. Ilitoka Kilindini kwenda Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama katika dakika chache. Walikufa watu wapatao 1,300, na wengi miongoni mwao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Katika mambo ya barua, maana ya msiba huo ni kwamba askari waliozama pamoja ni walewale ambao wangeandikiana habari za vifo. Hapakubaki rafiki wa kumtaja rafiki.

7. Zilikokwenda

Vita vilikwisha mwaka 1945. Kumbukumbu za askari zilizopata kuwa vitabu ziliandikwa zaidi kwa Kiingereza: Robert Kakembo wa Uganda alichapisha chake mwaka 1946, Waruhiu Itote mwaka 1967, Bildad Kaggia mwaka 1975. Kwa Kiswahili tunao Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake. Ni kazi kubwa, lakini mtunzi wake hakuwa askari. Kiswahili cha askari wenyewe kilibaki katika bahasha.

Shaaban Robert huyohuyo anatupa somo jingine. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha barua zake za mwaka 1931 hadi 1958, alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge. Tunazo kwa sababu mpokeaji mmoja hakuzitupa. Shaaban Robert alikuwa na jina, na jina humfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kuchoma karatasi. Barua za dereva wa Keya hazikuwa na ulinzi huo. Zilizosalia zimo katika masanduku ya mbao pamoja na vyeti vya kuachishwa jeshi, na wajukuu wanaozimiliki huona karatasi zilizoliwa na mchwa, zimeandikwa majina ya watu waliokufa.

8. Hitimisho

Ombi langu kwa wanafunzi mlioko hapa ni la vitendo. Anzieni kwenu. Ulizeni nani katika ukoo alikwenda Burma, na nani ndiye aliyekuwa akimsomea mama yake barua. Huyo wa pili husahauliwa daima, na huenda nyumba yake ndiyo yenye karatasi. Msizichukue barua, zipigeni picha kwa idhini ya wenyewe, kwa kuwa ndani yake yamo mambo ya ndoa na mashamba ambayo bado yanaweza kuumiza. Ziandikeni upya neno kwa neno, pamoja na makosa ya tahajia, kwa sababu katika makosa hayo ndimo tutakamoona jinsi Kikeya, lugha za mama na Kiswahili sanifu vilivyokutana katika kalamu moja. Zaidi ya yote, msizikate salamu. Mkaguzi alikwisha kuzikata mara moja, na yeye alikuwa na udhuru wa vita. Sisi hatuna.