Njama Huliwa na Nani?

Kwa Kiswahili njama huliwa. Mwendesha mashtaka akidai fulani na fulani walikula njama, hakimu atataka kujua walikuwa wangapi na walikubaliana nini. Nadharia za njama hazina walaji. Zina neno tu, na mara nyingi neno la lugha moja.

Wapo Wamarekani wanaoapa kuwa nchi yao iligeuzwa kampuni mwaka 1871, na wenye mali wako London. Sheria wanayoitaja ipo kweli: iliunganisha Washington, Georgetown na kaunti iliyobaki kuwa Wilaya ya Columbia yenye serikali moja ya manispaa. Lakini Kiingereza kina neno "corporation", linalobeba manispaa na kampuni kwa pamoja. Wao wakachukua maana ya dukani.

Kwetu mzigo huo ulishagawanywa. Shirika tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako hadi leo sharika ni kampuni ya biashara. Kiswahili kikalipeleka kwenye reli, posta na watawa, wafanyabiashara wakaachiwa kampuni. Halmashauri ya wilaya nchini Tanzania ina lakiri yake, inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa. Hakuna anayekwenda BRELA, kwa msajili wa kampuni, kuulizia hisa za Halmashauri ya Bagamoyo.

Ujerumani ndiko kwenye kichekesho. Reichsbürger, watu wasioitambua Jamhuri ya Shirikisho, hushika kitambulisho cha taifa, Personalausweis, wakakuonyesha mwanzo wa neno: Personal, kwa Kijerumani, ni wafanyakazi. Basi raia ni mwajiriwa wa kampuni iitwayo Ujerumani! Hoja hiyo ijaribu kwenye kitambulisho cha taifa cha Tanzania, kile cha NIDA, uone utashika wapi. Ila si watu wa kuchekwa tu. Desemba 2022 polisi waliwakamata baadhi yao wakishukiwa kupanga mapinduzi.

Pwani yetu, kwa upande wake, iliwahi kutawaliwa na kampuni kweli. Imperial British East Africa Company ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888, ikashika Mombasa mpaka serikali ya Uingereza ilipoipokea mwaka 1895. Haikujificha. Ilipiga sarafu zenye jina lake na jina la Mombasa, kila mchuuzi akazishika mkononi.

Ukitumiwa ujumbe kwamba nchi fulani ina wenye hisa wa siri, jaribu kwanza kuutafsiri. Ujumbe ukikataa kuingia kwenye Kiswahili, usimtumie mwingine.