Bibi Mwalimu wa Mboko

Ukishika njia itokayo Uvira kwenda Baraka, ziwa Tanganyika liko mkono wako wa kushoto na milima mkono wa kuume, na katikati ni ukanda mwembamba wa mihogo, michikichi na nyumba za watu. Utapita Makobola, kisha utafika Mboko. Wasafiri wengi hawashuki hapo ila kununua ndagala. Lakini karibu kila kijiji cha njia hii kina mama mmoja mzee ambaye watu hawamwiti kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi, bali humwita Mwalimu tu. Wa Mboko amefariki, naye ndiye tunayemkumbuka hapa. Jina lake hatuliandiki, kwa ombi la jamaa zake. Watu wa Mboko wanamjua.

Sisi tuandikao haya tulipita mikononi mwake kwa miaka mbalimbali. Tulipokuwa wadogo tulimwita Madamu, kama watoto wa Kongo wanavyowaita walimu wa kike. Wazazi wetu walimwita Mama Mwalimu. Na alipopata wajukuu jina likageuka lenyewe kuwa Bibi Mwalimu. Wajukuu zake wa damu walizoea kungoja zamu yao, maana ua wa nyumba ulikuwa umejaa sisi.

Habari za masomo katika pwani hii ni za zamani. Mapadre Weupe walifika Masanze mwaka 1880, na mwaka 1883 wakajenga Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, wakakusanya watoto waliokombolewa katika utumwa, wakawafundisha kusoma na dini. Maradhi yaliwashinda, wakaiacha Kibanga baada ya miaka kumi hivi. Hata masomo yaliporudi kwa nguvu wakati wa Wabelgiji, walimu walikuwa wanaume, na wasichana wachache waliosoma walifundishwa zaidi kushona na kutunza nyumba. Ndiyo maana msichana kuwa mwalimu lilikuwa jambo la kuulizwa maswali barazani. Baba yake huyu tunayemkumbuka alikuwa mvuvi. Alikubali binti yake aende kwa Masista akasomee ualimu, kwa sharti moja: kila likizo arudi kuanika ndagala. Alirudi kila likizo. Alituambia kwamba hesabu za kugawanya alizielewa mchangani, akigawa mafungu ya samaki, wala si darasani.

Wabelgiji waliwaita walimu wa namna yake monitrisi: baada ya primeri walijifunza miaka michache tu jinsi ya kufundisha, kisha wakapewa darasa la watoto wadogo. Yeye alipewa lake mwaka 1958, mwaka ule ule Mapadre Wasaveriani kutoka Italia walipofika Uvira. Darasa lilikuwa la udongo na majani, na kengele ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa katika mwembe. Siku ya kwanza akanunua kaye, ndilo jina la daftari kwetu, akaandika humo majina ya watoto wote: jina la nyumbani, jina la ubatizo, kijiji cha mama, na mtoto alikaa benchi lipi. Rejesta ya shule ilikuwapo, lakini ile ilikuwa ya mkaguzi. Kaye ilikuwa yake.

Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 16 Aprili 1962 Uvira ikawa jimbo, na Mhashamu Danilo Catarzi, Msaveriani, akawa askofu wake wa kwanza. Watu walifurahi, madarasa yakaongezeka. Mwezi wa Mei 1964 Wasimba wakautwaa mji wa Uvira, na pwani yote hii ikaingia vitani. Tarehe 28 Novemba mwaka huo waliuawa huko Baraka Bruda Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara, na siku ile ile huko Fizi Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert. Huyu wa mwisho alizaliwa na mama Mwafrika na Kapteni Joubert, yule askari Mfaransa aliyelinda misioni za ziwa hili dhidi ya wawinda watumwa. Wote wanne walitangazwa Wenye Heri hapo Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Bibi Mwalimu alikuwa hai bado siku hiyo, ingawa miguu haikumruhusu kusafiri; aliisikiliza misa kwa redio, amevaa kitenge chake cha Pasaka.

Juu ya miezi ile ya mwaka 1964 hakupenda kusimulia. Tunajua kwamba alikimbilia milimani na watoto wawili wadogo, na kwamba darasa lilichomwa, pamoja na kaye ya kwanza. Aliporudi hakungoja bati wala chaki. Aliwakusanya watoto waliopatikana chini ya mwembe, akamwuliza kila mmoja: «Jirani yako wa benchi alikuwa nani?» Mtoto akamtaja, na yule wa pili akamtaja wa tatu, na kwa njia hiyo orodha ikarudi karibu nzima. Waliokufa aliwaandika pia, kila mmoja na msalaba mdogo pembeni. Mmoja wetu alikuwapo, naye anasema kwamba siku ile hawakujifunza kitu kingine, wala hakuna mtoto aliyecheza.

Wasomaji walio vijana huenda hawajui habari ya majina. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwanzoni mwa mwaka 1972 Rais Mobutu akakataza majina ya kikristo. Padre ambaye angempa mtoto wa Kizairi jina la kigeni katika ubatizo alitishwa kufungwa miaka mitano. Walimu wakaamriwa kuandika majina mapya. Bibi Mwalimu alitii: aliandika jina jipya kwa wino. Lakini pembeni aliliweka lile la ubatizo kwa penseli, herufi ndogo mno, na akafanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Tarehe 30 Desemba 1974 serikali ikazitwaa shule za misioni, na kwa muda somo la dini likatoka darasani. Katika miaka hiyo alifundisha alivyoamriwa mpaka saa sita. Saa kumi alifundisha katekisimu nyumbani kwake huku akipepeta mchele. Mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 yaliporudisha shule mikononi mwa Kanisa kuziongoza, hakubadili ratiba. Mchele uliendelea kupepetwa saa kumi.

Twende upesi mpaka mwaka 1992, maana hapo ndipo penye shida inayowauma walimu wengi hata leo. Mishahara ilikuwa imekuwa si kitu, walimu wakagoma, na shule zilipofunguliwa tena ni wazazi waliotakiwa kuwalipa. Maskini wa Mboko walilipa kwa muhogo na samaki, na wasioweza watoto wao walifukuzwa. Bibi Mwalimu hakubishana na mkubwa wake. Mtoto aliyefukuzwa asubuhi alionekana jioni uani kwake, ubao magotini, anarudia somo la siku ile. Tusidanganye: nyumbani mwake walilala njaa zaidi ya mara moja kwa sababu hiyo, na mmoja wa binti zake alimlaumu wazi. Karatasi za pensheni yake nazo zilipelekwa katika ofisi moja, zikaombwa tena, zikapelekwa tena. Amefariki bila kuona faranga moja. Shule ya primeri ilipotangazwa kuwa bure mwaka 1979+40, yaani 2019, alicheka, akasema kumbe alikuwa ametangulia.

Vita vikarudi mwaka 1996. Uvira ikaanguka mwezi wa Oktoba, na watu wa Fizi kwa maelfu wakavuka ziwa usiku kwa mitumbwi kwenda Kigoma. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane, na wajukuu wanne. Katika mfuko wa unga wa muhogo alizika kaye tatu zilizofungwa katika nailoni. Walipelekwa kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka huo. Huko Wakongomani walifundisha watoto wao kwa programu ya Kongo ili wasipotee watakaporudi, naye akapewa darasa la kwanza chini ya mti. Akafungua kaye ya nne. Habari za mauaji ya Makobola, ya mwisho wa Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, zilimkuta huko. Waliouawa ni mamia. Jioni alizifungua kaye za zamani, kalamu mkononi, akawaita watu waliofika karibuni mmoja mmoja. Misalaba iliyoongezwa siku zile ni ya wino mwekundu, kwa kuwa hakuwa na mwingine.

Tangu Oktoba 2005 meli zilianza kurudisha wakimbizi toka Kigoma mpaka Baraka, naye alirudi Mboko. Ndipo kaye zikapata kazi ambayo hakuitazamia. Vyeti vilikuwa vimeungua au vimezama. Kijana aliyetaka kuendelea na masomo, au mtu mzima aliyetafuta kazi, hakuwa na la kuonyesha. Basi walikwenda kwake, naye alifungua, akaonyesha mstari, akaandika barua ya ushuhuda, na madirekta wakaikubali.

Siku moja akaja mtu mzima, baba wa watoto sita, na kuku mkononi. Palikuwa na kazi ya ulinzi, na walitaka mtu aliyemaliza primeri. «Bibi Mwalimu,» akamwambia, «niandikie tu kwamba nilimaliza la sita. Wote wanajua mimi si mjinga.» Bibi akafungua, akamwonyesha: aliondoka darasa la nne, baada ya Pasaka, mwaka 1983. «Njoo jioni, mwanangu,» akasema, «tuanze la tano. Mimi nipo.» Yule mtu akachukua kuku wake akaenda zake, na kazi ile akapewa mwingine.

Baadhi yetu tulimlaumu, na tulimwambia. Katika nchi ambamo karatasi za uongo zimewainua watu wengi, ilikuwaje aone uzito kwa mlinzi wa usiku? Wengine wetu walisema, na wanasema, kwamba kama angeandika ile moja, barua zake nyingine zote zingekuwa si kitu, na vijana wengi wangefungiwa mlango. Mpaka leo hatujapatana. Yeye mwenyewe hakujitetea. Tulichoona ni kwamba watoto wawili wa mtu yule walianza kuja uani jioni, akawafundisha bila kudai kitu, na baba yao hakuwakataza.

Alifariki kitandani pake, baada ya kupokea Sakramenti, akiwa na miaka themanini na minne. Usiku wa kilio mjukuu wake mmoja, ambaye naye ni mwalimu, alizitoa kaye zote nne akaziweka juu ya mkeka. Watu wakazizunguka na tochi za simu, kila mtu akitafuta jina lake. Hapo ndipo tulipogundua kwamba majina ya ubatizo siyo pekee yaliyoandikwa kwa penseli. «Haoni vizuri, akae mbele.» «Mama yake mgonjwa, asiulizwe kwa nini hakulala.» «Ana akili, anaficha.» Mmoja wetu, mtu mwenye mvi sasa, akakuta yake: «Huchelewa. Apewe kazi ya kengele.» Akakumbuka kwamba mwaka ule wote ndiye aliyeigonga rimu ya mwembeni, na alidhani amechaguliwa kwa kuwa ana nguvu.

Rimu ile bado iko. Asubuhi, kabla ya misa ya mazishi, tulimtuma yeye akaigonge.