Neno Lililozaliwa Mezani pa Deni

Katika karne ya 12, mkuu wa jimbo la Uingereza, ambaye cheo chake chaweza kulinganishwa na uliwali wa pwani yetu, aliitwa mbele ya Hazina ya mfalme kutoa hesabu, akaikabili meza iliyotandikwa kitambaa cha miraba, na juu ya miraba ile vihesabio vikasogezwa, hapa peni, hapa shilingi, hapa pauni, hata ikadhihirika alicholeta na alichobakiza. Akiisha kulipa yote, karani alimwandikia katika hati ya ngozi, kwa Kilatini, “et quietus est”, yaani, naye yu huru, hadaiwi tena.

Asili ya “quietus” ni utulivu, na aliyepata kulala na deni kifuani hahitaji kufafanuliwa nasaba hiyo. Kwa njia ya Kifaransa cha zamani likazaliwa neno la Kiingereza “quite”, ambalo kwanza lilikuwa na maana ya kuwa huru na safi, kisha likawa “kabisa”. Na kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ingali inalifasiri kwa ukamilifu mtupu. Sisi tunayo halisi na ikhlasi, ambayo mzizi wake wa Kiarabu umebeba pamoja usafi, kuokoka na kumaliza malipo. Hivyo njia hiyo ya fikra si ngeni kwetu.

Baada ya hapo neno likapungua uzito taratibu, nadhani kwa sababu watu hupenda kukipa kitu kisichotimia sifa ya kilichotimia, kwa adabu au kwa haraka. Leo Mwingereza akisema kazi yako ni “quite good”, aghalabu ana maana kuwa ni nzuri kiasi, ilhali Mmarekani kwa maneno yayo hayo huisifu sana. Na mwenye kupokea barua yenye sifa hiyo huenda akahuzunika au akafurahi bila haki. Jirani yake “very” nalo lilikuwa sifa ya kitu cha kweli kabla ya kugeuka “sana”.

Hata hivyo nguvu ya kale haikufa. Mbele ya jambo lisilo na daraja, kama muhali, “quite” hurudia ukamilifu wake. Na Mwingereza anapojibu “not quite”, anachokanusha ni utimilifu ule wa Hazina: bado kimesalia kitu, kama peni moja juu ya kitambaa cha miraba.