Kodi Juu ya Kodi

Ndugu msomaji, lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja libebalo mizigo miwili. Fedha ambazo mpangaji humpa mwenye nyumba kila mwezi huitwa kodi. Na fedha ambazo raia huilipa serikali huitwa kodi vilevile. Wageni wajifunzao Kiswahili hulalamika kwamba neno hili lawatatiza. Mimi naona lina hekima yake, maana fedha hizo mbili zina undugu wa karibu sana: serikali ikiigusa moja, nyingine haikosi kutikisika. Lakini ili tusipoteane njiani, katika insha hii fedha za serikali nitaziita ushuru, na zile za mwenye nyumba nitaziita kodi.

Swali letu ni hili: serikali ikimtoza ushuru mwenye nyumba, ni nani hasa aulipaye? Usiharakishe kujibu. Njoo kwanza twende Uingereza, tukatazame jambo lililodumu huko kwa zaidi ya miaka 150.

Mwaka 1662, Mfalme Charles wa Pili akitawala, Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba watu wasio maskini walipe shilingi 2 kwa mwaka kwa kila mahali pa kuwashia moto ndani ya nyumba zao. Watu waliuchukia mno ushuru huo, kwa kuwa mtoza ushuru hakuwa na njia ya kuhesabu mioto ila kwa kuingia ndani na kuchungulia vyumba vya watu. Mwaka 1689 Mfalme William wa Tatu na Malkia Mary waliufuta. Hata hivyo, mahitaji ya serikali hayakufutika, na mwaka 1696 ulibuniwa ushuru mwingine, safari hii juu ya madirisha. Waliobuni waliona wamepata njia ya busara: tajiri ana nyumba kubwa, nyumba kubwa ina madirisha mengi, na madirisha huhesabika kutoka barabarani bila kubisha hodi.

Hapo mwanzo nyumba ya kawaida ilitozwa shilingi 2. Yenye madirisha 10 hadi 19 iliongezewa shilingi 4, na yenye 20 au zaidi iliongezewa shilingi 8. Mwaka 1747 sheria ilibadilishwa, ikawa kila dirisha lahesabiwa peke yake. Nyumba yenye madirisha 10 hadi 14 ililipa peni 6 kwa kila moja. Sasa chukua kalamu upige hesabu. Mwenye madirisha 9 hakudaiwa hata peni moja kwa ajili yake. Aliyeongeza dirisha la kumi alidaiwa peni 60, yaani shilingi 5, kila mwaka. Watu walifanya nini? Walichukua matofali wakaziba madirisha. Na mafundi waliojenga nyumba mpya walijifunza kuhesabu kabla ya kuchora. Hata leo ukitembea katika miji ya kale ya Uingereza utaona kuta zenye alama ya dirisha lililozibwa. Nyingine zilijengwa hivyo ili kuupendezesha ukuta tu, lakini nyingine ni ukumbusho wa ushuru ule.

Mwenye kuishi katika nyumba yake mwenyewe aliweza kuchagua: ama alipe, ama akae gizani. Lakini fikiri juu ya mpangaji. Katika miji mikubwa maskini wengi waliishi katika majengo yaliyogawanywa vyumba vingi, jamaa moja katika chumba hiki, jamaa nyingine katika kile. Mbele ya sheria jengo zima lilikuwa nyumba moja, na aliyedaiwa ushuru alikuwa mwenye jengo. Huyu alifanya hesabu yake upesi. Akaziba dirisha la ngazi, la ujia, na la chumba cha nyuma, naye mwenyewe hakulala humo. Ushuru ukapungua, bali hewa ilizidi kuwa nzito na ukuta ukaota ukungu. Mpangaji hakupata barua yoyote kutoka kwa serikali, wala jina lake halikuandikwa katika daftari ya mtoza ushuru. Hata hivyo alilipa, tena alilipa kwa afya ya watoto wake. Kweli wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wenye akili waliliona kosa hilo mapema. Mwaka 1776 Adam Smith, mtaalamu wa mambo ya uchumi, aliandika kwamba nyumba ya shamba yenye kodi ndogo huweza kuwa na madirisha mengi kuliko nyumba ya London yenye kodi kubwa sana. Maana yake, ushuru uliokusudiwa kumfuata tajiri ulimwangukia maskini. Baadaye waganga nao walipaza sauti, wakisema kwamba vyumba visivyo na mwanga wala hewa ni makao ya maradhi. Mwaka 1851 ushuru wa madirisha ulifutwa, na mahali pake ukawekwa ushuru uliofuata thamani ya nyumba. Nyumba zilizokadiriwa kodi ya chini ya pauni 20 kwa mwaka zilisamehewa kabisa.

Tafadhali usiwacheke Waingereza, maana jambo la namna hiyo lilitokea kwetu pia. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilianza kutoza ushuru kwa kila kibanda katika nchi ambayo leo ni Kenya. Mwanamume mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake kama ilivyokuwa desturi, alidaiwa mara tatu. Vijana na jamaa wakaanza kusongamana katika nyumba chache ili ushuru upungue. Serikali ilipoona hivyo, mwaka 1910 ilitunga sheria ya kumtoza ushuru wa kichwa kila mwanamume mzima asiye na nyumba. Katika nchi zote mbili somo ni lilelile: kile kinachohesabiwa ndicho watu watakachokificha, watakachokiziba, au watakachoacha kukijenga.

Na sasa turudi katika siku zetu. Kuanzia 1 Januari 2016, mwenye nyumba za kupangisha nchini Kenya, ambaye kodi yake kwa mwaka ilikuwa kati ya shilingi 144,000 na milioni 10, alitakiwa kulipa asilimia 10 ya kodi yote apokeayo. Mwaka 2021 mipaka hiyo iliinuliwa ikawa shilingi 288,000 na milioni 15. Na tangu 1 Januari 2024 kiwango kilishuka hadi asilimia 7.5. Tuseme mtu ana vyumba 10, kila kimoja shilingi 5,000 kwa mwezi. Hupokea shilingi 50,000. Kwa kiwango cha asilimia 10 alitoa shilingi 5,000, yaani kodi ya chumba kimoja kizima. Kwa asilimia 7.5 hutoa shilingi 3,750.

Ushuru huu una wema ambao ule wa madirisha haukuwa nao, kwani haumpi mtu sababu ya kuziba hata tundu moja. Lakini una ugumu wake. Hutozwa juu ya fedha zote zipokelewazo, kabla ya kuondoa gharama za matengenezo au riba ya mkopo. Kwa hiyo mjane aliyejenga kwa mkopo hulipa sawasawa na tajiri asiyedaiwa na mtu.

Je, mwenye nyumba atampandishia mpangaji kodi? Hapo mambo hufuata wingi wa vyumba mtaani. Vyumba vitupu vikiwa vingi, mpangaji atafunga virago ahamie ng'ambo ya barabara, na mwenye nyumba ataubeba ushuru mwenyewe, kwa maana chumba kitupu hakizai. Vyumba vikiwa haba, mpangaji hana pa kwenda, naye ndiye atakayelipa, ama kwa kodi kupanda, ama kwa paa linalovuja bila kutengenezwa. Tena, wenye fedha wakiona faida ya kujenga imepungua, watazipeleka fedha zao kwingine. Baada ya miaka kadhaa vyumba vitakuwa haba, na kodi itapanda. Maji hufuata mkondo. Na ushuru nao humwendea yule asiyeweza kuukwepa.

Sisemi kwamba wenye nyumba wasitozwe. Barabara ipitayo mbele ya nyumba zao, na shule usomayo wewe, haviwezi kuwako bila ushuru. Nasema tu kwamba sheria haimalizi kazi yake siku itiwapo sahihi. Huenda siku moja wewe msomaji utakuwa mpangaji, au mwenye nyumba, au mmoja wa wale wakaao Bungeni na kupitisha sheria za namna hii. Siku hiyo usiridhike kuuliza ni jina la nani limeandikwa katika daftari ya ushuru. Ingia ndani ya jengo, upande ngazi hadi chumba cha nyuma, ukamwulize akaaye humo kama dirisha lake bado li wazi.