Nishati Haimo Ndani ya Pipa: Hoja Kutoka Kilindini

Tangu mwaka 2022 meli kubwa za mafuta zinazoingia bandari ya Kilindini, Mombasa, hufunga kwenye gati jipya la Kipevu, lililojengwa majini mbali na ukingo ili liweze kuhudumia meli nne kwa wakati mmoja. Mafuta husukumwa hadi kwenye matangi ya nchi kavu, na watu husema nchi imepata nishati. Vitabu vya shule navyo husema vivyo hivyo: petroli ina nishati ya kikemia, kontena lililoinuliwa lina nishati tuli, jahazi linalokwenda lina nishati mwendo, maji ya moto yana nishati ya joto. Kila kitu kimepewa nishati yake, kama mzigo uliofungiwa ghalani ukimngoja mwenyewe. Makala haya yanadai kwamba lugha hiyo inafaa kwa biashara lakini inapotosha fizikia. Nishati iliyohifadhiwa ina makao baina ya vitu viwili au zaidi; anayetaja kimoja na kunyamazia cha pili hajasema bado nishati iko wapi. Hoja hii inajulikana kwa wanafizikia wanapofanya hesabu zao, lakini husahaulika wanapofundisha, na usahaulifu huo una gharama.

Tuanze na petroli yenyewe, maana ndiyo mfano unaoonekana kuwa mgumu zaidi kwa hoja yangu. Kilo moja ya petroli ikiungua hutoa joto la megajouli 43 hivi. Kwa hesabu ya kawaida hizo zinaitwa nishati ya petroli. Lakini ili iungue yote, kilo hiyo inahitaji kilo 3.5 hivi za oksijeni, yaani oksijeni inayoingia kwenye moto ina uzito zaidi ya mara tatu ya mafuta. Meli haikuileta oksijeni hiyo. Imo hewani, na haitozwi ushuru, na kwa sababu haitozwi ushuru hakuna anayeiandika daftarini. Mwaka 1917 Thornton, mhandisi Mwingereza, aligundua jambo ambalo hadi leo halijapewa nafasi yake madarasani: ukigawa joto la moto kwa uzito wa oksijeni iliyotumika, badala ya uzito wa kilichoungua, jibu linakaribia kuwa moja kwa vitu karibu vyote vya asili ya viumbe. Mwaka 1980 mtafiti Huggett alilipima upya na kupata wastani wa megajouli 13.1 kwa kila kilo ya oksijeni. Petroli, gesi ya kupikia, ubao wa mvule na kumbi la nazi hupishana sana ukizipima kwa kilo ya mafuta. Ukizipima kwa kilo ya oksijeni hukaribiana. Makaa, ambayo ni kaboni karibu tupu, hushuka kidogo tu, kwenye 12 na kitu. Maabara za utafiti wa moto hutumia kanuni hii kila siku: hupima oksijeni iliyopungua kwenye moshi na kupata ukali wa moto bila kujua kilichoungua ni nini.

Kama nishati ingekuwa ndani ya mafuta, ukaribu huo ungekuwa sadfa ya ajabu. Sababu yake imo katika vifungo vya atomu. Wanafunzi wengi hukariri kwamba nishati imefichwa ndani ya vifungo vya molekuli za mafuta na kwamba kuvivunja ndiko kunakoitoa. Ni kinyume chake. Kuvunja kifungo chochote hugharimu nishati. Nishati hutoka pale vifungo vipya vinapofungwa. Kifungo kinachoshika atomu mbili za oksijeni ni dhaifu kwa kulinganishwa na vile vya kaboni dioksidi na vya maji, na pengo hilo ndilo linalolipa. Mwaka 2015 mwanakemia Klaus Schmidt-Rohr alilieleza jambo hili kwa urefu na kuonyesha kwamba kila moli ya oksijeni huleta takriban kilojouli 418, iwe imekutana na kuni, mafuta au sukari. Sitaki nigeuze kosa kwa kosa na kudai sasa kwamba nishati imo ndani ya oksijeni. Pipa la oksijeni peke yake haliendeshi hata feni. Ghala lenyewe ni utengano: mamilioni ya miaka iliyopita mwanga wa jua, kwa kazi ya mimea na viumbe vidogo vya baharini, ulitenganisha kaboni na oksijeni, moja ikazikwa ardhini na nyingine ikabaki hewani. Tangi la Kipevu lina upande mmoja wa ghala hilo. Wazima moto wa bandarini wanalijua hili kwa mikono yao. Tangi likishika moto hawaondoi mafuta. Humwaga povu juu yake. Mafuta yamebaki yaleyale, hata tone halikupungua, lakini yametengwa na mwenzake na moto umekufa.

Bomba la mafuta la kwenda Nairobi linatoa ushahidi wa namna nyingine. Bomba la kwanza, la kilomita 450 hivi, lilianza kazi mwaka 1978. Pampu za Changamwe, Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud huyasukuma mafuta kutoka karibu na usawa wa bahari hadi kimo cha mita 1,650 hivi. Kila kilo inayofika juu imepokea, mbali na hasara ya msuguano, kilojouli 16 za nishati ya mvutano. Sasa mpe mwanakemia chupa mbili za petroli, moja kutoka Shimanzi na moja kutoka bohari ya Nairobi, umwulize ipi ina nyongeza ya kilojouli 16. Hataweza kujibu, kwa sababu hakuna kilichobadilika ndani ya petroli: molekuli ni zilezile. Kilichobadilika ni umbali kati ya petroli na kitovu cha Dunia. Kwa hiyo kilo moja ya petroli ya Nairobi inashiriki katika maghala mawili kwa pamoja, moja kati yake na Dunia, jingine kati yake na oksijeni, na la pili linalizidi la kwanza mara 2,700 hivi. Ukiyaita yote mawili nishati ya petroli umechanganya hesabu mbili zisizohusiana.

Kreni za gati zinaonyesha upande wa uhamishaji. Kuinua kontena la tani 30 kwa mita 20 kunahitaji megajouli 5.9, sawa na kilowati-saa 1.6: kiasi kidogo kuliko wengi wanavyodhani, na hata robo lita ya dizeli ingetosha kama ingegeuzwa kazi yote. Kontena linapoteremshwa ndani ya meli, mota ya kreni ya kisasa hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye nyaya. Hapa hakuna kitu kilichotoka ndani ya kontena. Kani imefanya kazi katika umbali, pengo kati ya kontena na Dunia limepungua, na daftari la mfumo mwingine limeongezeka kwa kiasi kilekile, ukitoa joto lililopotea kwenye gia na breki.

Ushahidi wenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni wa bahari yenyewe. Maji ya juu ya Kilindini huwa kati ya nyuzi 25 na 30 mwaka mzima. Kilo moja ya maji hayo ikipoa kwa nyuzi moja hutoa takriban jouli 4,000, kiasi kinachotosha kuinua kilo hiyohiyo mita 400 juu. Kwa hesabu ya nishati iliyo ndani, meli iliyotia nanga mlangoni imeelea juu ya ghala lisilo na mfano, na ingeweza kwenda Salalah kwa kuipoza bahari kidogo tu nyuma yake. Haiwezi. Tangu Sadi Carnot alipochapisha kitabu chake mwaka 1824 tunajua kwamba joto halifanyi kazi mpaka pawepo mahali pa baridi pa kulipokea. Georges Claude alijaribu mwaka 1930 nchini Cuba kuzalisha umeme kwa kuunganisha maji ya juu na maji baridi ya vilindini, na umeme ukapatikana, ingawa kidogo. Kwa maji ya nyuzi 27 juu na nyuzi 5 chini, sheria inaruhusu asilimia 7 hivi tu ya joto igeuke kazi, hata kwa mashine isiyo na dosari. Mfano huu unavunja pia ile fasili inayokaririwa kwamba nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Bahari ina nishati tele na, ikiwa peke yake, haina uwezo wowote. Uwezo upo kwenye tofauti.

Manahodha wa majahazi ya bandari ya kale, upande wa pili wa kisiwa cha Mombasa, walijenga biashara nzima juu ya tofauti kama hiyo. Kaskazi iliwaleta na kusi ikawarudisha, lakini hakuna tanga linalokula upepo lililo katika mwendo mmoja na upepo huo; likiufikia, hulegea. Linachovuna ni tofauti kati ya mwendo wa hewa na mwendo wa maji. Maji kujaa na kupwa ni hivyohivyo. Wakati wa bamvua maji ya Kilindini hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na nishati hiyo haitoki majini wala haitoki mwezini: inatoka kwenye mzunguko wa Dunia ukilinganishwa na mwendo wa Mwezi. Hesabu imeshafungwa kwa vipimo. Siku inarefuka kwa takriban milisekunde 2 kila karne kwa sababu ya msuguano huo, na miale ya leza inayorudishwa na vioo vilivyoachwa mwezini kuanzia 1969 inaonyesha Mwezi ukijitenga nasi sentimita 3.8 kila mwaka.

Pingamizi la kwanza ni la mwendo. Je, jahazi linalokwenda halina nishati yake lenyewe, hata bahari ikiwa tupu? Jibu ni kwamba thamani ya nishati hiyo inategemea nani anapima. Kwa aliyesimama ngazini pwani ni kubwa. Kwa baharia aliyeketi ndani ni sufuri. Majahazi mawili yanayokwenda sambamba kwa kasi moja yakigusana hayavunji hata ubao, na yakikutana uso kwa uso yanazama. Kilichohesabika ni mwendo wa moja kwa jingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la Einstein. Kama tungamo ni nishati, basi kila kitu kina nishati ndani yake hata kikiwa peke yake. Kwa sehemu kubwa pingamizi hili linageuka kuwa ushahidi wangu, kwa kuwa tungamo hilo ni la mfumo: springi iliyobanwa ni nzito kidogo kuliko iliyolegea, na sehemu kubwa ya tungamo la protoni hutokana na yale yanayotokea kati ya chembe zilizomo. Elektroni moja, hata hivyo, haijulikani kuwa na sehemu, na bado ina tungamo. Hapo nakubali kwamba hoja imefika ukingoni, ingawa hata hilo tungamo haligeuki kuwa mwanga mpaka elektroni ikutane na positroni.

Pingamizi la tatu huletwa na walio ndani ya fani: nishati ina mahali, nalo ni uga. John Henry Poynting alionyesha mwaka 1884 kwamba nishati ya umeme husafiri katika nafasi inayozizunguka nyaya. Elektroni za waya kati ya Rabai na Mombasa hazifiki Mombasa. Hutikisika mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde palepale zilipo. Sioni hili likinipinga. Uga ni jina kamili zaidi la kile nilichokiita baina, na mwalimu anayeweza kuufikisha kwa wanafunzi wake aufikishe.

Linabaki pingamizi la walimu, kwamba kumwambia mtoto petroli ina nishati ni rahisi, na mengine atayajua baadaye. Uingereza ilijaribu kurekebisha. Mitaala yake ya fizikia ya mwaka 2016 iliacha orodha ndefu ya aina za nishati na kushika maghala na njia za uhamishaji. Ni hatua nzuri, lakini ghala la kitabu bado huchorwa kama kopo moja lenye kitu kimoja ndani. Urahisi wa aina hii hulipiwa baadaye, na mfano wake umo barabarani. Betri ya lithiamu ya kawaida hushika chini ya megajouli 1 kwa kilo, na petroli 43, na watu huhitimisha kwamba tuktuk ya umeme imeshindwa hata kabla ya kuwashwa. Mizani hiyo imepima pande mbili za betri na upande mmoja wa petroli, kwa kuwa betri hubeba vyote viwili vinavyokutana ndani yake. Petroli ikibebeshwa oksijeni yake, megajouli 43 zinagawanywa kwa kilo 4.5 na kubaki 9.6. Kisha injini ndogo ya petroli hupoteza kama robo tatu ya joto lake, na mota ya umeme hupoteza sehemu ndogo tu. Betri bado ni nzito, na tuktuk haihitaji kubeba oksijeni maadamu hewa ipo. Lakini pengo tunalowaomba wanakemia walizibe ni dogo sana kuliko lile linalotajwa, na sehemu yake kubwa si udhaifu wa betri hata kidogo.