Simba wa Juja

Jamani, mnajua kwamba hapa katikati ya Ruiru na Thika palikuwa na simba? Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, alifikia shamba la McMillan huko Juja, akawinda. Katika safari nzima yeye na mwanawe Kermit waliua simba 17.

Lakini bunduki haikufanya kazi hiyo peke yake. Yalikuja mashamba ya mkonge na kahawa, reli, seng'enge, mwishowe ploti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ila marufuku hairudishi mbuga iliyokwisha kugawanywa.

Mimi mwandishi wa programu namvulia kofia Richard Turere wa Kitengela. Akiwa mtoto alizungushia boma balbu za tochi, akaziunga na betri ya gari, sola na kifaa cha indiketa ya pikipiki, zikawa zinawaka kwa zamu. Simba hudhani mtu anatembea na tochi, hugeuka. Ng'ombe akipona, hakuna kisasi.

Sensa ya 2021 ilihesabu simba 2,589 nchini. Taa zitalinda boma. Njia ya simba ikiuzwa ploti, Kitengela itakuwa Juja nyingine.