Sumu ya koboko na ya kifutu si ukoo mmoja

Kilosa na Mikumi, koboko na kifutu hawahitaji kutambulishwa. Sisi studioni tulidhani sumu ni sumu tu, kumbe sivyo. Zote kwa sehemu kubwa ni protini, ila wanasayansi hupanga protini kwa koo, wakitazama mfuatano wa asidi amino na umbo zinapojikunja. Koboko ana protini ndogo za umbo la vidole vitatu: hukata mawasiliano ya neva na misuli, hata pumzi ikakwama. Kifutu ana vimeng'enya vyenye madini ya zinki, vinavyobomoa kuta za mishipa ya damu. Mguu huvimba, nyama huoza. Kwa hiyo dawa ya sumu ya mmoja huenda isimsaidie aliyeumwa na mwingine. Ukiumwa usichanje, usifunge kamba. Wahi hospitali, ueleze nyoka alivyoonekana. Kumfukuza ili umpeleke, hapana.